Mwili Uliozikwa Kimbiji

Jumatatu, 10 Machi

Mabaharia wawili wa Dar es Salaam wamekufa kwa moto ndani ya tangi la meli iliyokuwa kwenye matengenezo katika kisiwa cha Yeongdo, Busan, Korea Kusini. Aliyesema ni Gervas, msaidizi wa mitambo wa meli hiyohiyo, kwa simu, leo asubuhi. Moto ulitokea Jumamosi. Waliokufa ni Thuwaini, fundi wa mitambo, mkazi wa Kigamboni, na Daniel, mchomeleaji, kijana wa Pugu.

Gervas namfahamu tangu nilipoandika habari za mabaharia wa Temeke. Thuwaini namfahamu zaidi. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Simu ilipoingia mkewe, Zubeida, alikuwa uani anaanika nguo. Nilikuwa namwona.

"Sista Tupo, mie siwezi kumwambia shemeji," alisema Gervas. "Mwambie wewe."

"Hilo si langu. Kaka yake yupo."

"Basi mwambie kaka yake. Ila iwe leo, maana huku picha zishaanza kusambaa."

Nilikwenda dukani kwa Aiman, kaka yake Thuwaini. Anauza vifaa vya ujenzi karibu na kituo cha kivuko. Nilimwambia kwa sentensi moja. Alikuwa anapima misumari ya mteja. Alisubiri mizani itulie, akaifunga misumari kwenye gazeti, akampa mteja, ndipo akaanza kushusha mlango wa duka. Alikuwa amefunga Ramadhani, kama Waislamu wenzake wote mwezi huu, na midomo ilimkauka.

"Wewe umesikia kwa nani?"

Nikamwambia.

"Yeye aliona?"

"Hakusema."

Wazazi wao walikwishatangulia. Thuwaini na Zubeida hawakujaaliwa mtoto. Ndugu wa damu aliyebaki ni Aiman peke yake.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya maana tangu mwaka uanze. Zubeida ameingia eda. Hatatoka nyumbani mpaka katikati ya Julai.

Alhamisi, 13 Machi

Gervas hana kazi. Meli imezuiwa kwa uchunguzi, na yeye ni shahidi, haruhusiwi kuondoka. Wamempangishia chumba nyuma ya karakana. Nilimwomba anieleze mahali alipo, kwa ajili ya habari. Alituma sauti:

"Sista, ni Kigamboni tu, ila ya mawe. Unatoka mjini, unavuka daraja, uko kisiwani. Kuna daraja moja Jumamosi linanyanyuka, lami yote inasimama wima kama ukuta, watu wanapiga picha. Pwani nzima ni karakana za meli, hii imeshikana na ile. Nanga zimerundikwa barabarani kama magimbi. Nyumba ziko mlimani, ngazi tupu. Na upepo, sista, upepo wa huku hauna adabu kabisa."

Anakula kwa mwanamke mzee mwenye kibanda cha supu. Ujanani bibi huyo alikuwa akikalia ubao ulioning'inizwa ubavuni mwa meli, akigonga kutu kwa nyundo kabla ya rangi mpya kupakwa. Kazi hiyo pale kisiwani ilikuwa ya wanawake, wengi wao wajane wa mabaharia. Kelele za nyundo zilimwua masikio. Gervas anasema wanaelewana vizuri sana, kwa kuwa hakuna anayemsikia mwenzake.

Niliandika aya nne. Mhariri kachukua mbili.

Aiman anashinda kwa wakala wa mabaharia mjini. Anataka mwili uletwe haraka. "Kule wanachoma watu," amewaambia mbele yangu. "Ndugu yangu hachomwi."

Jumatano, 19 Machi

Mwili wa Thuwaini umefika leo asubuhi na umezikwa Kimbiji kabla ya alasiri.

Sanduku lililoletwa nyumbani kwa Zubeida lilikuwa la mbao, ndani yake la bati lililochomelewa. Wakala alikuja na karatasi inayosema lisifunguliwe, kwa sababu za kiafya. Imamu wa mtaa aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Alisema mwili ulioungua hauoshwi kwa maji ikiwa maji yatauharibu. Unatayamamishwa kwa udongo safi. Lakini ni lazima utoke kwenye bati na uvikwe sanda.

"Nitamfanyia mie," alisema Aiman. "Peke yangu. Mnielekeze tu."

Fundi alikata bati, akatoka. Aiman akabaki chumbani. Imamu alisimama mlangoni, amekipa chumba mgongo kwa heshima ya maiti, akitaja hatua moja baada ya nyingine.

Zubeida alikuwa upande wa pili wa pazia, na wanawake. Aliomba kuingia. Dini inamruhusu mke kumhudumia mumewe, na imamu alilisema hilo wazi.

"Hapana shemeji," Aiman alijibu kutoka ndani. "Ubaki na ile sura uliyoagana nayo."

Zubeida hakubishana. Alisema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Mguu wa kushoto, shemeji. Kidole kidogo hakipo. Uangalie."

Kidole hicho kilikatwa na kamba ya chuma bandarini Mombasa miaka mingi iliyopita. Thuwaini alizoea kukifanyia mzaha. Alisema Wakenya wamemkata kodi.

Aiman alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, mikono ilikuwa na vumbi la udongo mpaka kwenye viwiko.

"Ni yeye," alisema.

"Kidole umekiona?" aliuliza Zubeida.

"Nimeona, shemeji. Hakipo."

Wanawake wa hapa hawaendi kaburini. Nilifuata msafara, nikabaki barabarani na madereva. Barabara ya Kimbiji imeanza kuwa mbaya. Mchanga wa huko ni mwepesi. Kila kiasi walichochota, kingine kilikuwa kinaporomoka kandokando.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kutwa. Aiman anasema kaburi limetitia. Amekwenda kuongeza mchanga.

Jumatatu, 24 Machi

Pugu, kwa Kokuberwa, mama yake Daniel. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilimkuta na gazeti letu mezani, habari yangu imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Ndiyo."

"Umeandika mwanangu alikuwa na miaka ishirini na nane. Ana ishirini na saba. Mwezi wa saba ndipo anatimiza. Keti."

Mwili wa Daniel bado uko Yeongdo, katika chumba cha maiti cha hospitali. Wakala amemweleza kwamba ule wa Thuwaini uliondoka mapema kwa sababu ulikutwa na ovaroli yenye jina kifuani. Wa pili haukuwa na ovaroli, kwa hiyo wanataka vinasaba. Juzi mama huyu alipitishiwa pamba mdomoni, na mate yake yamesafirishwa.

Ameshawapigia ndugu zake Bukoba. Wamesafisha mahali kwenye migomba, kando ya kaburi la baba yake Daniel.

"Kwetu mtu halazwi kwa watu," alisema. "Analazwa kwake. Hata akifia mwezini, tutakwenda kumchukua."

Aliniuliza kama Mwislamu amekwishazikwa. Nikasema ndiyo, Jumatano.

"Afadhali wao," alisema.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mvua tangu asubuhi. Aiman alileta pilau kwa Zubeida, akaiacha kizingitini. Kisha akaenda Kimbiji kuongeza mchanga. Zubeida aliniuliza kupitia dirishani: "Dada Tupo, siku ile ulikuwa karibu na mlango. Sauti yake ilikuwaje aliposema kidole hakipo?" Nilijibu kwamba ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka.

Alhamisi, 3 Aprili

Maji yameingia dukani kwa Aiman. Saruji yote ya chini imeganda.

Jumatano, 9 Aprili

Mwili uliobaki Yeongdo si wa Daniel. Mate ya mama yake hayalingani nao. Kokuberwa ndiye aliyenipigia, saa nne asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu anayeita majina darasani.

"Wanasema huyu si mwanangu. Waliokufa ni wawili. Kama huyu si wangu, wangu ni yupi?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikampigia Gervas.

Nilimsikia akifunga mlango wa chumba. Kisha:

"Sista, jana serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, katoka hospitali. Ni Mfilipino. Yeye alikuwepo. Anasema siku ile kazi ya tangini ilikuwa ya Thuwaini. Mle ndani joto lake ni kama tanuri la mkate, na jamaa amefunga. Daniel akamwambia, braza, wewe umefunga, utaanguka humu, lete ovaroli yako naingia mie, yangu nimeiloweka. Akaivaa. Akaingia. Moto ulipolipuka Thuwaini akamfuata na fulana yake hivyohivyo."

"Na wewe hospitali uliwaambia nini?"

"Hawakunionyesha mtu! Walinionyesha ovaroli kwenye mfuko. Wakauliza, ya nani? Nikasema ya Thuwaini. Kwani si ya Thuwaini?"

Ni ya Thuwaini. Alijibu kile alichoulizwa.

Kwa hiyo aliyelala Kimbiji, kwa uwezekano wote, ni Daniel. Na aliye kwenye jokofu Yeongdo ni Thuwaini. Sijaandika habari. Nina chanzo kimoja, na ndugu bado hawajaambiwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda kwa Aiman mapema. Alikuwa anavunja mifuko ya saruji iliyoganda kwa nyundo, anaitupa vipandevipande kwenye shimo la barabarani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada mwandishi," alisema, "kaburi la Mwislamu si shimo la mihogo, ulifukue ukijisikia."

"Hakuna aliyesema kufukua. Wakala anataka mate yako. Pamba tu mdomoni. Yakilingana na mwili wa kule, utajulikana ni wa ndugu yako, utaletwa."

"Ndugu yangu nimemzika."

"Na serahangi?"

"Serahangi alikuwa kwenye moshi. Mie nilikuwa kwenye mwanga. Nimeona kwa macho yangu."

Alirudia kugonga. Nilipofika mlangoni akasema, bila kuinua kichwa, "Usimwambie Zubeida." Nilimjibu kwamba Zubeida ataambiwa leo, na yeye au na mie. Alimwambia yeye, mchana, akiwa amesimama nje ya pazia. Nilimsikia kutoka kwangu. Alimwambia kuna uvumi. Jioni nilimpigia Kokuberwa, nikamweleza aliyosema serahangi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Aiman Kimbiji. Mchanga.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kokuberwa alikwenda kanisani asubuhi, kisha akavuka kuja Kigamboni bila kumwarifu mtu yeyote isipokuwa mie. Alivaa gauni jeusi na viatu vya shule, vile vyeusi vya kufunga kwa kamba.

Zubeida alimpokea kwenye mkeka, chumba cha ndani. Aiman aliitwa na jirani, akaja, akasimama ukumbini nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Poleni na nyie."

Kokuberwa alianza.

"Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza, huyo mtu mliyemzika, alizikwaje?"

"Kwa heshima, mama. Msikiti ulijaa. Amesaliwa, ameombewa."

"Amelazwaje?"

"Ubavu wa kulia. Uso kibla."

Kokuberwa aliitikia kwa kichwa. "Daniel alikuwa analalia kushoto," alisema. "Tangu mdogo. Ukimgeuza, anarudi."

Zubeida alivuta mtandio wake, akamsogelea mgeni.

"Mama, miguu yake ilikuwaje?"

"Ya kawaida. Mikubwa, kama ya baba yake."

"Vidole?"

"Vyote vipo. Vingekwenda wapi?"

Nyuma ya pazia Aiman alikohoa. "Shemeji, maneno haya hayafai kwa mtu aliye edani."

"Shemeji Aiman," alisema Zubeida, "kidole ulikiona?"

"Nilishakwambia."

"Niambie tena."

Tulisikia viatu vyake vikitoka. Kokuberwa alilitazama pazia lililokuwa bado linatikisika.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema. "Mtoto ambaye hakufanya hesabu namjua hata akiwa nje ya dirisha."

Nilimsindikiza mpaka kivukoni. Mpaka leo nilimwona Aiman kama mtu mkaidi mwenye imani. Sasa sijui jina la kumpa.

Jumanne, 22 Aprili

Taarifa kutoka kwa wakala: mwili ulioko Yeongdo hauna mwenyewe. Familia moja ilikwishapokea mtu wake, nyingine imethibitishiwa kwamba huyu si wake. Kwa taratibu za kule, mwili usiodaiwa na mtu huchomwa kwa gharama ya serikali. Tarehe ni Jumatano, 30 Aprili. Mate ya ndugu wa damu pamoja na barua ya maombi tu ndivyo vingesimamisha jambo hilo; alama ya kidole peke yake hawaikubali.

Nilimsomea Aiman taarifa hiyo dukani. Aliomba nimsomee mara ya pili.

"Watachoma," alisema.

"Jumatano ijayo."

"Watachoma mtu wasiyemjua."

"Ndiyo."

Akaniuliza kama nje bado inanyesha. Tulikuwa tumesimama mlangoni, tunaiona.

Alhamisi, 24 Aprili

Imamu alimwita Aiman baada ya sala ya adhuhuri. Nilikaa baraza la nje. Imamu alisema kaburi halifukuliwi kwa upuuzi, lakini haki ya mtu ikiwa humo, linafukuliwa. Mama wa watu ana haki ya mwanawe. Na Mwislamu aliyeko ughaibuni ana haki ya kutochomwa. "Hukumu hiyo ni nyepesi, Aiman. Sijui kwa nini unaibeba kama gogo."

Aiman alijibu kwamba alikiona kidole.

Ijumaa, 25 Aprili

Zubeida amegoma kula chakula kinachotoka kwa Aiman. Anapika uji.

Jumapili, 27 Aprili

Aiman alinipigia asubuhi, akaomba niende Kimbiji. Nilikodi bodaboda. Tulianguka mara moja, bila kuumia.

Nilimkuta kaburini na toroli la mchanga. Shimo lilikuwa limetitia tena, karibu kimo cha goti. Mvua ilikuwa nyembamba. Alinitaka nisogee, nikasita kwa sababu ya desturi yao.

"Sogea tu, dada. Hakuna wa kukukataza hapa. Aliyemo si wetu."

Alikaa kwenye mkono wa toroli.

"Sikufungua," alisema.

Aliyafuta matope viganjani.

"Bati fundi alilikata. Ndani kuna mfuko mweupe, mzito, wa zipu. Nikaishika zipu. Ikatoka harufu. Nikaivuta kidogo, kama hivi, nikaona jeusi. Nikaifunga. Imamu yuko mlangoni, kanipa mgongo, anasema, paka uso. Napaka mfuko. Anasema, paka mikono. Napaka mfuko. Nikamzungushia sanda na mfuko wake."

"Na kidole?"

"Aliniuliza mbele ya watu, Tupo. Mtaa mzima, msikiti mzima wamesimama pale. Ningesema nini? Kwamba nimeshindwa kumtazama ndugu yangu? Nilipiga kelele siku kumi nzima aletwe, ameletwa, nikashindwa kumtazama."

"Ulikataa pamba kwa sababu hiyo?"

"Pamba ingesema."

Nilimwambia twende mjini, tumtafute wakala nyumbani kwake. Alisema atakuja nyuma yangu, akishamaliza kufukia. Nilirudi peke yangu. Hilo nimelifikiria tangu jioni: bora ningemsubiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Kijito cha njiani kimekata barabara ya Kimbiji jana alasiri. Aiman amebaki upande wa pili. Simu inashika na kuachia. Wakala anasema bila mate na bila sahihi yake hawezi kuandika lolote.

Jumanne, 29 Aprili

Aiman alivuka asubuhi akiwa juu ya trekta la mkulima wa minazi. Alifika maabara mjini na matope mpaka kifuani. Pamba imechukuliwa. Barua ameisaini. Wakala ameituma kwa barua pepe saa kumi jioni; Busan walikuwa wamelala. Nilimpigia Gervas nikamwamsha, nikamwambia kesho asimame mlangoni pa hospitali.

Aiman alipita kwa Zubeida kabla ya magharibi. Alimwambia yote, nje ya pazia, kama alivyoniambia mie.

Jumatano, 30 Aprili

Mwili wa Thuwaini umechomwa leo. Aliyesema ni Gervas.

"Sista, nilifika pale kabla hapajakucha. Gari lao lishaondoka kwenda kwenye tanuri la maiti, linaondoka mapema lile, wanachukua wote wa wiki. Nikamkimbilia bibi wa supu. Akafunga kibanda, tukachukua teksi. Tumefika kule nawaonyesha barua kwenye simu, wanasema sawa, lakini ofisi ndiyo inayotakiwa kuleta, na ofisi inafungua saa tatu. Bibi akawapigia kelele. Si unajua hasikii, kwa hiyo na wao hawakuweza kumjibu. Akaupigapiga mlango kwa kopo lake la supu kama anagonga kutu. Wakatuacha tuingie kukaa tu. Kulikuwa na kioo cha kutazamia."

Nilimuuliza walifanya nini humo.

"Nikasoma Baba Yetu. Sijui kingine. Mwambie shemeji aniwie radhi. Bibi aliinama mpaka chini, mara mbili, akakaa pale mpaka mwisho."

Nilimwambia Zubeida mwenyewe. Sikutafuta kaka wa mtu safari hii. Aliuliza swali moja: kama Gervas alitazama. Nikasema ndiyo, kwa kioo, mpaka mwisho.

"Basi angalau mmoja," alisema.

Ijumaa, 2 Mei

Mahakama imeruhusu kaburi lifukuliwe. Jana ilikuwa sikukuu. Aiman ndiye aliyepeleka maombi, kwa jina lake.

Jumanne, 6 Mei

Kaburi la Kimbiji limefukuliwa leo asubuhi, mbele ya askari, daktari, imamu, Kokuberwa na Aiman. Mvua ilikatika kwa muda. Walioteremka shimoni ni vijana wawili wa msikiti na Aiman.

Mfuko mweupe ulikuwa mzima. Sanda juu yake ilikuwa imekwisha rangi. Daktari alishika zipu. Aiman akamzuia mkono.

"Nifungue mie," alisema.

Akafungua. Alianzia miguuni. Alitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kumtosha kila mtu: "Kushoto, vyote vitano."

Kokuberwa alikuja mpaka ukingoni, viatu vikizama. Hakulia. Alimwambia daktari amfunike, mvua inarudi. Kisha akamwambia Aiman, akiwa bado ndani ya shimo: "Nashukuru mlimsalia."

Vipimo vitathibitisha, lakini hakuna aliyekuwepo pale mwenye shaka.

Vijana walitaka kufukia. Aiman alisema waliache wazi.

Jumatano, 7 Mei

Habari imetoka ukurasa wa tano. Maabara imefanya kazi usiku kucha; vinasaba vimethibitisha.

Jumapili, 11 Mei

Ujumbe wa Kokuberwa kutoka Bukoba: "Daniel amelala kwake jana saa nane. Nimemlaza kwa kushoto. Padri aliuliza sababu, nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Habari yako ya Jumatano ina kosa aya ya tatu: Kimbiji si kijiji cha Temeke."

Ni kweli. Tutasahihisha.

Jumanne, 13 Mei

Mate ya Aiman yamelingana na kipande cha mfupa ambacho hospitali ya Yeongdo ilikihifadhi kabla ya mwili kuchomwa. Wakala amethibitisha leo asubuhi. Majivu yako kwenye kikasha cha mbao kilichofungwa kitambaa cheupe. Gervas ameruhusiwa kuondoka, anakuja nacho mkononi. Bibi wa supu atamsindikiza mpaka darajani. Zaidi ya hapo, anasema, bibi huyo havuki tena.

Imamu ameeleza: majivu hayaoshwi wala hayatayamamishwi. Yatawekwa ndani ya sanda, yatasaliwa, yatazikwa. Sisi wengine tutazikwa wapi, yeye hajui, lakini Thuwaini kaburi analo.

Kaburi hilo limefunikwa kwa mabati ya dukani kwa Aiman. Tangu Machi mpaka mwisho wa Aprili alikuwa akilipelekea mchanga. Sasa kila asubuhi anakwenda na ndoo kulichota maji.

Leo mchana alikuja kumwarifu Zubeida tarehe. Nilikuwa ndani, nimekaa kwenye mkeka. Alisimama nje ya pazia, mahali pake pa siku zote. Alisema kikasha kitafika kimefungwa kwa lakiri, na kwamba si lazima kufunguliwa. Kinaweza kushushwa hivyohivyo.

"Shemeji," alisema Zubeida.

"Naam."

"Utakileta hapa kwanza. Utakiweka hapa mkekani. Na safari hii utafungua."

Nje mvua ilikuwa inaanza tena.

"Nitafungua," alisema.

"Na mie nitakuwepo."

"Utakuwepo, shemeji."

Ndege inatua Alhamisi jioni. Mazishi ni Ijumaa, 16 Mei, Kimbiji, baada ya sala ya Ijumaa.